Seva ya mafaili nyumbani: wasomaji wanauliza kuhusu diski, waya na umeme

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: kompyuta ya kujiundia inayohifadhi mafaili ya nyumba nzima, ile inayoitwa NAS. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na barua ndefu tumezifupisha.

Napiga picha za harusi. Nina diski za nje tano kwenye droo na sikumbuki ipi ina nini. Nyumbani ipo Dell ya mezani ya mtumba, Core i3 ya kizazi cha nne, ramu GB 4. Naweza kuigeuza NAS? Ninunue nini? – A.M., Tabata, Dar es Salaam

Inafaa kabisa, kaka. Kazi ya NAS ni kupokea mafaili na kuyatoa, na prosesa hiyo itakuwa inasinzia muda mwingi. Pesa yako ielekeze kwenye diski na kwenye umeme.

Kabla ya kwenda dukani, fungua kasha. Tazama kama kuna nafasi ya diski mbili za inchi 3.5. Zile Dell nyembamba mara nyingi zina nafasi moja tu, na pawasaplai yake ni ya umbo la pekee, ikifa hupati mbadala duka lolote. Ile pana ya kusimama ndiyo yenye nafasi. Kisha hesabu soketi za SATA, zile za kuchomeka diski, kwenye madabodi: unahitaji tatu, mbili za diski na moja ya SSD (diski isiyozunguka) ya mfumo. Kama hazitoshi, ng'oa kisomeo cha DVD, hutakihitaji tena.

Waya za umeme za SATA zikipungua, watakuuzia kigeuzi cha kutoka plagi ya zamani ya pini nne. Kiangalie kwa makini. Kile ambacho plastiki yake imemiminwa pamoja na waya kuwa donge moja kiache dukani. Ndani yake waya hukaribiana, siku moja hugusana, na plagi huungua ikiwa imeshikamana na diski. Chukua kile ambacho unaona kila waya umebanwa kwenye tundu lake na kifuniko chake kinafunguka.

Orodha ya manunuzi basi: ramu ya kufikisha GB 8 (kizazi cha nne hutumia DDR3, ya mtumba inatosha), SSD ya GB 120, diski mbili za TB 4, waya mbili za SATA zenye kibanio cha chuma, na betri ya saa CR2032. Hiyo betri watu huisahau. Mashine ya umri huo betri yake imeshachoka. Umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, na ratiba zote za usiku zinavurugika.

Mfumo weka TrueNAS, ni wa bure. Pakua faili lake la ISO, liandike kwenye flashi kwa Rufus au balenaEtcher, kisha usakinishe kwenye SSD. Ujue utaichukua SSD nzima, hutaweka kitu kingine humo. Usisakinishe kwenye flashi. Huandikwa mara kwa mara na hufa ndani ya miezi. Ukimaliza, skrini itakuonyesha anwani, kwa mfano 192.168.1.50. Ifungue kwenye kivinjari cha kompyuta nyingine. Hapo unatengeneza kundi la diski, unachagua *Mirror*, yaani kioo: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili. TB 4 mbili zitakupa TB 4, na mashine itakuandikia 3.64. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta huhesabu kwa 1,024.

Baada ya hapo unda folda kuu ya kazi, unda mtumiaji mwenye nenosiri, fungua ushirika wa SMB (njia ambayo kompyuta za Windows hufungua folda za mtandaoni), na usiruke hatua ya mwisho: weka snapshoti kila siku saa nane usiku, zikae siku 30. Snapshoti ni picha ya hali ya mafaili kwa wakati ule, haichukui nafasi mpaka mafaili yabadilike. Mtoto akifuta folda ya harusi ya watu, unairudisha kwa dakika mbili.

Ukijaza asilimia 80, anza kufikiria diski kubwa zaidi. ZFS, mfumo wa mafaili ulio ndani ya TrueNAS, huzidi kuwa mzito kadiri nafasi inavyobana.

Hapa Nairobi BarraCuda ya TB 4 ni rahisi kuliko IronWolf ya TB 4, na zote ni za Seagate. Kwani tofauti si stika tu? – J.K., Umoja

Tofauti iko ndani. Diski nyingi za bei nafuu, BarraCuda ST4000DM004 ikiwemo, hutumia mtindo wa SMR. Mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati moja la chini, lazima uinue yaliyolala juu yake, kisha uyarudishe. Kwa kunakili picha mara moja moja hutaona shida. Shida huja siku diski moja imekufa na mpya inajengwa upya kwa saa nyingi mfululizo. Hapo SMR hupumua kwa shida, kasi huanguka hadi chini kabisa, na mfumo unaweza kuamua kwamba hata diski mpya ni mbovu na kuitoa nje.

Hata jina la NAS kwenye stika si kinga. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi TB 6, zile zenye herufi EFAX, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Sasa soma namba ya modeli, si rangi ya stika. IronWolf na WD Red Plus ni CMR, mistari isiyolaliana. Ukikosa hizo, chukua za CCTV, WD Purple au SkyHawk, ambazo kwa mafundi wa kamera hazikosekani. Kwa NAS ya nyumbani yenye diski mbili zinatosha.

Na usinunue mbili za toleo moja zilizofuatana kwenye boksi kama unaweza kuepuka. Zikiwa na kasoro ya kiwandani, zinayo zote mbili.

Fundi ananiuzia diski mbili zilizotumika za TB 4 kwa nusu bei, anasema hazina shida. Nitajuaje? – Msomaji, Mwanza

Kuna njia, ila inataka siku tatu za subira. Washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, chomeka diski kwenye SATA moja kwa moja (adapta nyingi za USB huficha taarifa), kisha andika:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sdb

Hiyo sdb ni jina ambalo kompyuta imeipa diski. Kwanza linganisha namba ya utambulisho inayotokea na ile ya kwenye stika, uhakikishe unaongea na diski sahihi. Kisha shuka kwenye jedwali la SMART, yaani taarifa za afya ambazo diski hujiandikia, usome tarakimu za mwisho wa mstari. Mstari wa 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokufa zikabadilishwa na za akiba. Wa 197 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasitasita. Wa 198 ni zilizoshindikana. Yote mitatu iwe sifuri. Diski ambayo mstari wake wa 5 unasoma nane na haziongezeki inaweza kuishi miaka, lakini asikutoze hata hiyo nusu bei. Yenye 197 juu ya sifuri mrudishie hapo hapo.

Mstari wa 199 usikutishe sana. Huo huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na madabodi, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA. Hesabu yake haifutiki hata ukibadilisha waya, kwa hiyo unachotazama ni kama inaendelea kupanda. Na kwa Seagate, mistari ya 1 na 7 huonyesha mamilioni hata diski ikiwa mpya. Ndivyo wanavyoandika, achana nayo.

Mstari wa 9 ni saa za kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo saa 30,000 ni kama miaka mitatu na nusu. Tatizo ni kwamba takwimu hizi zinaweza kufutwa. Mapema mwaka 2025 huko Ujerumani waligundulika wanunuzi wengi waliouziwa Seagate za seva kama mpya kumbe zimeshatumika maelfu ya saa. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu ya pili iliyo ndani ya diski hizo, iitwayo FARM, ambayo hawakuigusa. Isome hivi, ukiwa na smartmontools 7.4 au ya baadaye:

sudo smartctl -l farm /dev/sdb

Saa za FARM na saa za mstari wa 9 zikipishana kwa maelfu, umeshaelewa.

Zikipita hapo, ziendeshe. Jaribio refu la diski yenyewe, *smartctl -t long*, huchukua saa saba hadi tisa kwa TB 4. Likiisha salama, tumia hili, ambalo linafuta kila kitu:

sudo badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb

Huandika diski nzima na kuisoma, mara nne kwa maumbo tofauti. Yaani mizunguko minane, kila mmoja kama saa saba na nusu. Jumla saa 60 hivi. Weka feni ipulize, maana diski iliyolazwa mezani bila upepo hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Mwisho soma tena SMART. Kama 5 au 197 imesogea, ndiyo sababu ya kufanya haya yote kabla hujaweka picha za mtu.

Mwambie fundi mapema kwamba utazipima kwa wiki moja na namba za utambulisho ziandikwe kwenye risiti. Akikataa, umepata jibu bila kusubiri siku tatu.

NAS yangu haivuki megabaiti 11 kwa sekunde, hata nikitumia waya. Nimebadilisha diski nikaweka SSD, mambo ni yale yale. – S.O., Likoni, Mombasa

Hiyo 11 ni saini. Mtandao wa megabiti 100 hutoa megabaiti 11 hadi 12. Wa gigabiti hutoa kama 110. Diski yako haina hatia, na pesa ya SSD pole.

Tazama kwanza rauta. Nyingi za bei nafuu, TL-WR840N kwa mfano, matundu yake yote ni ya 100. Huna haja ya kuibadilisha: nunua swichi ndogo ya gigabiti ya matundu matano, chomeka humo NAS na kompyuta yako, kisha waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye rauta kwa ajili ya intaneti tu. Mafaili yatapita ndani ya swichi bila kugusa rauta.

Kama swichi ni ya gigabiti na bado ni 11, basi ni waya. Megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, za pini ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Uzi mmoja wa bluu ukiwa haujabanwa vizuri, mashine mbili zinakubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, taa zinawaka, intaneti inafanya kazi, hakuna anayelalamika. Mpangilio, ukishika kichwa kibanio kikiwa chini na pini zikikuelekea juu, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa la kawaida ni kuweka kijani karibu na nyeupe-kijani kwa kuwa ndivyo macho yanavyotaka.

Kwangua pia uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika ukiukunja mara mbili tatu, na kwa hewa ya chumvi ya hapo Likoni ncha zake huoza mapema. Baada ya kurekebisha, andika *sudo ethtool* ukifuatisha jina la kadi ya mtandao, isome 1000Mb/s. Wi-Fi ni habari nyingine kabisa, usipimie hapo.

Umeme wa kwetu unakatika mara tatu kwa siku. Nina frijigadi. Inatosha? Na hii mashine itakula uniti ngapi? – Mama wa watoto wanne, Morogoro

Frijigadi inalinda friji, dada. Umeme ukishuka, yenyewe hukata na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa friji ni neema. Kwa seva kila kukata ni kuzimwa ghafla, na mara nyingine ulikuwa mshuko mdogo ambao pawasaplai ingeuvumilia. Unachohitaji ni UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, na iwe na tundu la USB nyuma. Hilo tundu ndilo linaloiambia seva kwamba umeme umekatika. UPS isiyo nalo inakuchelewesha tu hadi betri iishe, kisha mashine inazimika ghafla vile vile.

Ya VA 650 ina betri moja ya volti 12, Ah 7. Ukichomeka seva na rauta, tarajia nusu saa hivi betri ikiwa mpya. Chomeka kwenye matundu ya betri. UPS nyingine zina matundu ya kuzuia mshtuko tu, hayana betri nyuma yake. Kwenye TrueNAS washa huduma ya UPS, uiambie izime seva baada ya dakika tano za giza. Washa pia amri ya kuizima UPS yenyewe mwishoni. Bila hiyo, umeme ukirudi wakati seva imeshajizima lakini UPS bado inawaka, seva haioni kuwa umeme uliwahi kukatika na itabaki imezimika hadi mtu abonyeze. Kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujaanza, weka ijiwashe umeme unaporudi.

Ijaribu kwa mkono: chomoa UPS ukutani ukae na saa. Rudia kila miezi sita, maana betri hizi kwenye joto hazifiki miaka mitatu zikiwa na nguvu, na nyingi hufa kimya.

Uniti: mashine ya wati 30 kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 21.6. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi, piga hesabu kabla haijakuhamisha kundi. Unaweza kuipanga izimike usiku, ila basi snapshoti na ukaguzi wa diski uvihamishie mchana.

Nimenunua laptop yenye Windows 11 mpya, folda ya NAS haifunguki. Ya zamani inafungua bila kuuliza chochote. – P.N., Kisumu

Ile ya zamani ilikuwa inaingia kama mgeni asiye na nenosiri. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 imebana mlango huo. Usifuate ushauri wa kulegeza usalama wa Windows wala wa kuwasha SMB1, toleo la zamani la SMB, ambayo ndiyo njia kirusi cha WannaCry kilipita mwaka 2017. Unda mtumiaji na nenosiri kwenye NAS, zima ruhusa ya mgeni, kisha ingia kwa jina hilo. Dakika tano.

Nataka mafaili yangu yawe salama hata nyumba ikiungua. Dada yangu yuko Dar na ana intaneti. Nifungue tundu (port) kwenye rauta aweze kuingia? – H.S., Mtoni, Unguja

Wazo la dada ni zuri sana, tundu hapana. Juni 2021 wenye My Book Live, diski za mtandao za Western Digital, waliamka wakakuta vifaa vyao vimefutwa kwa mbali. Januari 2022 ikaja Deadbolt, programu ya kuteka mafaili, ikafunga mafaili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa zinaonekana intaneti na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Isitoshe, ukiwa kwenye intaneti ya simu huenda huna anwani ya intaneti ya peke yako, na tundu lenyewe halitafanya kazi. Tumia Tailscale au WireGuard: mashine zenu mbili zionane kana kwamba ziko chumba kimoja, na wengine wasione kitu.

Umefikiri sawa kuliko wengi, kwani diski mbili za kioo si nakala. Ukifuta folda, kioo kinaifuta pande zote mbili sekunde ile ile. Kwa dada weka kompyuta ndogo yenye diski moja tu, ipokee kila usiku kilichobadilika.

Ila usianze kwa intaneti. TB 1 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 ni siku 18 na nusu bila kupumzika. Jaza diski hapo nyumbani, ifunge kwenye nguo katikati ya mkoba, ivuke na boti, saa mbili hivi uko Dar. Baada ya hapo intaneti itabeba nyongeza za kila siku. Kila miezi mitatu chagua folda moja bila mpango, uirudishe kutoka kwa dada, ufungue picha zenyewe utazame.

NAS inaandika DEGRADED kwa rangi nyekundu. Nizime? – Ujumbe wa haraka, Arusha

Usizime na usichomoe kitu. Mafaili yapo, umebaki na diski moja. Kwanza nakili yasiyo na mbadala kwenye diski ya nje, kwa sababu kujenga upya kutaisomesha iliyobaki kwa saa nyingi na hapo ndipo nayo huanguka. Kisha pata namba ya utambulisho ya mbovu kwa *zpool status* na *lsblk -o NAME,SERIAL,SIZE*. Jina kama sdb halitoshi, hubadilika mashine ikiwashwa upya. Watu wengi hupoteza kila kitu hapa, kwa kuchomoa ile nzima.

Ukishaijua, kwenye TrueNAS ichague, bonyeza *Offline*, zima mashine, toa diski yenye namba hiyo hiyo kwenye stika. Kabla ya kuweka mpya badilisha na waya wake wa SATA. Kama mstari wa 199 wa SMART ulikuwa umepanda na 5 na 197 ni sifuri, huenda diski ni nzima. Weka mpya yenye ukubwa sawa au zaidi, washa, bonyeza *Replace*. ZFS hunakili kilichotumika tu, kwa hiyo TB 2 za data ni kama saa tano kwa diski za CMR. Wakati inasubiri, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba za mwisho nne za kila diski kwenye ukingo unaoonekana ukifungua kasha.